Managu ya Burat

Baba alikuja kukaa nami mtaani Kiwanjani kwa sababu alikuwa akiwakimbia wajukuu wake. Alikuwa amekohoa kwa miezi, akakonda mpaka mshipi wake ukatobolewa matundu mapya, na walipomwambia hospitalini kwamba ni kifua kikuu, hakuuliza kama atapona. Aliuliza kama watoto wangu, ambao huenda kwake kila Jumapili kula ndizi za kuchoma, wameambukizwa. Watoto walipimwa wakaonekana hawana kitu. Nami nikapimwa, sikuwa na kitu. Lakini yeye alishaamua kwamba hatarudi kule mlimani Meru mpaka amalize dawa. Mke wangu ni mwalimu huko na watoto wanaishi naye. Mimi nimeajiriwa na serikali hapa Isiolo na ninakaa peke yangu katika vyumba viwili vya kupanga. Kwa hiyo akachagua kwangu. Alifika na mfuko mmoja wa nguo, sahani yake na kikombe chake cha bati, akaniambia nisiviguse.

Muuguzi wa kliniki ya kifua, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, alitukalisha kwenye benchi nje ya mlango wake akatueleza. Dawa ni kila siku, asubuhi kabla ya kula, kwa miezi sita, bila kuruka. Mkojo utakuwa mwekundu, asiogope. Madirisha yafunguliwe. Akikohoa afunike mdomo. Kisha akaja kwenye chakula.

"Hakuna chakula kinachoua hiki kidudu," alisema. "Dawa ndiyo inaua. Chakula ni cha kuupa mwili nguvu, ile kinga yake irudi. Mayai, maharagwe, ndengu, dagaa wa omena. Mboga za majani. Matunda. Maziwa, lakini yachemshwe. Na mzee, ile miraa uiache kwanza, inaua njaa."

Nilimuuliza ni kipi kati ya hivyo kilicho bora kuliko vingine.

"Vyote," alisema. "Kidogo cha hiki, kidogo cha kile, kila siku."

Jibu hilo halikunitosha. Nilitaka aniambie jina moja, kitu ambacho ningeweza kwenda kukitafuta nikarudi nacho nimekishika mkononi. Dawa zilikuwa za baba mwenyewe. Alizimeza kila asubuhi akiwa amesimama mlangoni, anatazama nje, na hakuwahi kuhitaji kukumbushwa. Kilichobaki kwangu kilikuwa sufuria, na mimi maisha yangu yote ya Isiolo nilikuwa mtu wa hoteli. Nilijua kupika chai na ugali. Hivyo ndivyo nilivyoanza kukimbia.

Nilikimbia kweli. Nikitoka ofisini nilipita sokoni kabla ya kufika nyumbani. Nikawa nawauliza wanawake wa mboga jinsi ya kupika terere, yaani mchicha, isirojeke, kunde zilowekwe kwa muda gani, managu, ile mboga ya mnavu, inapunguzwaje uchungu. Walinicheka, kisha wakanieleza. Mwenzangu wa kazini alinipa unga wa mlonge kwenye karatasi. Mwingine alinitumia kwenye simu maelezo marefu ya kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, na kwa kuwa vitu hivyo vinapatikana kila kibanda, nikavinunua vyote jioni ileile. Nilinunua papai, machungwa, karoti, maboga. Jirani yangu, mama wa Kiborana anayeuza maziwa ya ngamia, aliniletea chupa akaniambia nisiyachemshe kwa sababu nitayaondolea nguvu. Nilimshukuru, nikafunga mlango, nikayachemsha.

Nyumba ilinuka kitunguu saumu mpaka mashati yangu ya kazini yakanuka. Baba alikaa kwenye kiti cha plastiki akinitazama nikikatakata.

"Nani alikufundisha kupika?" aliniuliza siku moja.

"Simu."

"Na hiyo simu ilipika kwanza, ikaonja?"

Niliweka mezani ugali mdogo, managu, yai la kuchemsha, kipande cha papai. Alichukua sahani yake, akapakua kwa kijiko chake, akaenda kula nje mlangoni, amenipa mgongo. Muuguzi alishatueleza kwamba kifua kikuu kinapita hewani wala hakikai kwenye vyombo, na kwamba baada ya wiki za kwanza za dawa hatari ya kumwambukiza mtu inapungua sana. Baba alimwitikia vizuri muuguzi, na tulipofika nyumbani akaosha kikombe chake mwenyewe akakiweka mbali na vyangu. Alikula kidogo, matonge mawili au matatu, kisha akafunika sahani kwa sahani nyingine.

"Nimeshiba."

Ningeelewa kama angelalamika juu ya chumvi. Hakulalamika. Alifunika tu, na mimi nikabaki na kile chakula chote, nikihesabu moyoni alichokosa: leo hakula mboga, jana hakugusa yai. Nilikuwa ofisini nikiandika kitu na katikati ya sentensi nikajikuta najiuliza kama uji wa wimbi niliomwachia amekunywa au umeganda kwenye chupa. Kuna siku nilipanda bodaboda saa nne asubuhi, nikakimbia nyumbani, nikakuta uji umeganda, nikarudi kazini. Upepo wa Isiolo ulipoanza kupiga mabati mchana, nilijua yeye yuko pale peke yake anausikiliza, na sikuweza kukaa kwenye kiti.

Yeye naye hakuweza kukaa. Amefanya biashara ya miraa tangu kabla sijazaliwa, na miraa haimngojei mtu. Inachumwa asubuhi, inafungwa, inakimbizwa, ikichelewa imekufa. Mwili wake ulijua mwendo huo tu. Alitoa kiti nje, akakirudisha ndani, akakitoa tena. Magari ya miraa yalipopiga honi barabarani aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa. Nilianza kumchungulia meno kama yana kijani. Alinigundua.

"Nimekwambia nimeiacha," alisema. "Ukitaka, leta tochi."

Jumamosi moja, kwa kuchoka kumwacha nyumbani, nilikwenda naye sokoni. Nilimwambia avae barakoa na akavaa bila maneno. Tulipofika kwa mama ninayenunua managu kwake, Mturkana mrefu mwenye shanga shingoni ambaye hulima Burat kando ya mfereji, baba aliinama akashika fungu moja, akaligeuza.

"Hii imezeeka," alisema. "Umengoja mpaka ikatoa maua. Ndiyo maana ni chungu."

"Mzee, si wote wanaolalamika," mama alisema.

"Huyu hapa halalamiki kwa sababu hajui. Majani yachumwe yakiwa madogo, na uchume juu, usivute shina."

"Basi uje uchume mwenyewe," alimwambia, bila hasira, akiwa anamrudishia mteja mwingine chenji.

Nilinunua lile fungu lililozeeka, tukaondoka. Njia nzima baba alikuwa nyuma yangu, akilitazama lile fungu. Nilidhani amechoka.

Jumanne iliyofuata nilirudi nyumbani mchana nikakuta mlango umefungwa kwa kufuli na ufunguo uko pale tunapouficha. Maharagwe niliyomwachia hayakuguswa. Barakoa haikuwepo, kofia haikuwepo. Nilimuuliza jirani wa maziwa. Alimwona akitoka asubuhi, akamsalimia, hakusema anakwenda wapi. Nilikwenda moja kwa moja mahali magari ya miraa yanaposhusha mizigo. Wale wanamjua wote. Walisema alipita, akawasalimu kwa mbali, wakamwita aje aketi, akakataa, akapanda bodaboda.

"Kuelekea wapi?"

"Upande wa Burat."

Sijui nilifikiri nini. Nilifikiri labda amekwenda kumtafuta mtu wa kumuuzia dawa za mizizi. Nilifikiri ameanguka. Dereva wa bodaboda niliyoipanda alitaka kupiga gumzo, nami nikamwambia aongeze mwendo. Tulipita kambi ya jeshi, tukaingia njia ya vumbi, na nikawa nauliza kila shamba kama wamemwona mzee wa kofia ya kahawia. Mtu mmoja alinyoosha mkono kuelekea kwenye migomba.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye tuta la managu. Alikuwa amekunja suruali, viganja vimejaa udongo mweusi, anachuma machipukizi ya juu anayaweka kwenye gunia lililotandazwa. Yule mama wa sokoni alikuwa tuta la pili, anapalilia, anamwambia kwamba anachuma polepole mno na soko litafungwa. Baba alimwambia yeye amechuma vitu vinavyokwenda mbali kuliko soko la Isiolo. Hakuna aliyenisikia nikija.

"Baba."

Aligeuka. Uso wake ulikuwa na jasho na, kwa mara ya kwanza tangu aje, ulikuwa na rangi.

"Umekula?" aliniuliza.

Lilikuwa swali langu hilo, naye aliniwahi.

"Wewe ndiye hujala. Nimekuta maharagwe vilevile."

"Nimekula hapa."

"Amekula," mama alisema, akiwa ameegemea jembe. "Viazi vitamu, na githeri ya mahindi na maharagwe, na papai nusu. Nilimwambia abakize."

Chini ya mgomba kulikuwa na sufuria, na kando yake sahani ya bati, ile ya baba. Alikuja nayo ndani ya koti. Mama aliona naitazama.

"Alinieleza habari ya kifua chake siku ya kwanza," alisema. "Nikamwambia akae upande ambao upepo unaelekea na akohoe kule. Ndugu yangu aliugua hivyohivyo akamaliza dawa."

"Siku ya kwanza?" nilimuuliza baba. "Umekuja mara ngapi?"

Alijifuta mikono kwenye suruali. "Jana. Na leo."

Tuligombana njiani, kila mmoja akiwa nyuma ya dereva wake, tukipigiana kelele juu ya injini, kisha tukamalizia nyumbani. Nilimwambia mtu anayemeza dawa hapigi magoti juani. Nilimwambia ninakatisha kazi kila siku kwa ajili yake, ninazunguka soko lote, na yeye anakwenda kula viazi vya watu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umenifunga kama mbuzi wa kunenepeshwa," alisema. "Unaleta majani, unasimama, unatazama kama nimetafuna. Kesho unaleta mengine. Mimi njaa sina nikikaa. Sijawahi kuwa nayo. Njaa yangu iko kwenye mikono."

"Ulipokuwa mlimani ulikuwa ukifanya kazi na ukakonda."

"Nilikuwa nimeugua na sina dawa. Sasa nina dawa."

Hilo liliniudhi zaidi. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi.

Siku ya kliniki nilikwenda naye, nikiwa na hakika kwamba muuguzi atakuwa upande wangu. Alimpima uzito kwanza. Ulikuwa umepanda, si mwingi, lakini umepanda, kwa mara ya kwanza. Muuguzi alimtazama usoni, akaangalia kucha zake zenye udongo.

"Unalima wapi, mzee?"

"Burat. Nachuma tu."

"Ukichoka unapumzika?"

"Huyo mama ananifukuza kivulini."

"Basi ni sawa," alisema. "Nje ni bora kuliko nyumba ya mabati iliyofungwa. Usibebe mizigo. Jua likiwa kali, kaa. Ukianza kupata homa au macho yakiwa manjano, njoo siku hiyohiyo." Kisha akanigeukia. "Na wewe? Unalala?"

Nilimwambia ninalala. Baba alitazama ukutani.

Tulikubaliana, bila kukaa chini kukubaliana. Asubuhi alimeza dawa, akasubiri muda wake, akanywa uji na yai, akapanda bodaboda ya dereva mmoja tuliyemzoea. Mchana alirudi amebeba kitu: managu changa, wakati mwingine maboga, wakati mwingine majani ya kunde. Alipika mwenyewe. Hilo sikulitarajia. Yeye mzee wa Kimeru ambaye sikuwahi kumwona akiingia jikoni kwa mama yangu alisimama mbele ya jiko langu la gesi, akachemsha managu, akamwaga maji ya kwanza, akatia maziwa ya ngamia kidogo na kitunguu, akaacha ikachemka taratibu. Kitunguu saumu alikitupa.

"Kinaficha ladha," alisema.

Nikakiokota, nikakitia kwenye maharagwe yangu. Ule unga wa mlonge nilikuwa nimeuacha baada ya muuguzi kusema nisimpe vitu vya unga vingi ambavyo hatuvijui vizuri huku akiwa anameza dawa. Vingine vyote viliendelea, kidogo cha hiki, kidogo cha kile.

Utadhani nilitulia. Sikutulia. Kukiwa na wingu upande wa mlimani nilimfikiria yuko kwenye matope ya mfereji. Akikohoa mara moja zaidi ya jana nilikaa macho nikimsikiliza. Alipoanza kunenepa mashavu nilianza kuogopa kwamba yatashuka tena. Mke wangu aliniambia kwenye simu kwamba sauti yangu imekuwa ya mtu anayezungumza huku anatafuta funguo. Nilimwambia kila kitu kiko sawa, na nilikuwa nikizunguka chumba nilipokuwa nikisema.

Shule zilipofungwa mke wangu alishuka na watoto. Baba alitaka kwenda kulala Burat siku hizo zote. Muuguzi alikuwa amemwambia waziwazi kwamba makohozi yake ni safi, kwamba anaweza kukaa na watoto, na nilimwomba ayarudie tena maneno hayo mbele ya mke wangu, naye akayarudia. Baba alikubali kulala nyumbani lakini chakula cha mchana alikwenda kukila mlangoni kama kawaida, na sahani yake.

Mke wangu hakumbembeleza. Alibeba mkeka akautandika pale mlangoni, akawaita watoto, akaleta sufuria yote nje. Baba alijisogeza pembeni. Watoto wakasogea alipo, kwa sababu kivuli kilikuwa upande ule. Binti yangu mdogo alichukua kipande cha papai kutoka kwenye sahani ya babu yake, akakitia mdomoni, akaendelea kumsimulia habari za mwalimu wake. Baba aliacha kutafuna. Alimtazama mke wangu, akanitazama mimi. Mke wangu alimpa mtoto mwingine ugali. Mimi nilitaka kusimama nikafanye kitu, nilete maji, nilete chumvi, na mke wangu akanishika goti.

Baba akameza. "Kula na managu pia," alimwambia mtoto. "Hiyo nimechuma mimi."

Alikula ugali wake wote siku hiyo. Kesho yake alikwenda Burat na wale wakubwa wawili, wakarudi wamechafuka mpaka nyusi, wamebeba viazi vitamu vidogo ambavyo yule mama alisema havinunuliki.

Miezi ilipoisha, nilichukua ruhusa kazini niende naye kliniki ya mwisho. Nilikuwa nimeloweka njahi, yale maharagwe meusi, tangu jana yake na nikanunua kuku. Muuguzi alisoma matokeo, akamwambia amemaliza, amepona, na kwamba akikohoa tena wiki mbili asikae nyumbani kujipima mwenyewe. Aendelee kula vizuri. Baba alimshukuru kwa kumshika mkono kwa mikono yote miwili. Tulipotoka getini aliuliza jambo moja.

"Gari la Meru linaondoka saa ngapi?"

"Kuna chakula nyumbani. Nimeloweka njahi."

"Njahi zinachukua muda. Wajukuu wanatoka shule saa tisa."

Mfuko wake alikuwa ameufunga asubuhi bila kuniambia. Tuliupitia nyumbani, tukaenda hadi kwenye magari. Alikuwa amempelekea mama wa Burat salamu za kwaheri jana yake, na mbegu za mboga alizomwahidi angezituma na gari la miraa. Alipanda mbele karibu na dereva, akashusha kioo. Nilisimama pale nikimwambia mambo ambayo alikuwa anayajua: asikae na watu wanaokohoa chumba kilichofungwa, anywe maziwa yaliyochemshwa, asiache matunda.

"Wewe umekula nini leo?" aliniuliza.

Nilifikiri. Sikukumbuka.

"Tangu nije sijakuona umekaa ukala," alisema. "Unakula umesimama, mkono mmoja uko kwenye simu. Mwaka huu umeugua mafua mara ngapi? Unaniletea mimi machungwa, na wewe unapiga chafya jikoni."

"Nitakula."

"Kula leo. Hizo njahi zimeshalowekwa."

Dereva akawasha gari. Baba hakupunga mkono. Alikuwa ameshaanza kumwambia dereva habari za barabara.

Nilirudi nyumbani nikapika njahi. Zilichukua muda kweli, na sikuondoka nikaziacha. Zilipoiva niliziunga kwa kitunguu na karoti, nikapakua, nikamenya kipande cha papai kilichobaki, nikatoa kiti cha plastiki nje, nikaketi. Zilikuwa nzuri. Nilipofika nusu ya sahani niliinuka kwenda kuangalia kama amepiga simu kusema amefika. Hakuwa amepiga. Nikarudi kwenye kiti, njahi zikiwa bado za moto, nikaishika sahani magotini.